Uso wa Kukodisha

Asubuhi hiyo Sydney hakuja kumpiga Mumin picha, na bado simu ilionyesha kazi imeanza.

Mumin alikuwa akipeleka vyakula kwa pikipiki mpaka alipovunjika mguu. Programu ya kazi hiyo humfuta haraka asiyeingia kazini, kwa hivyo akafanya kama wengi pale mtaani Tassia, akamkodishia Sydney akaunti yake. Kila asubuhi simu hudai uso wa mwenyewe kabla ya kufungua kazi, basi Sydney alikuwa akipita nyumbani, Mumin atazame kamera, ndipo aondoke. Sydney hakuwahi kuvua helmeti, hata ndani. Mumin hakuuliza. Mwenye shida hana maswali mengi.

“Nani amekupiga picha leo?” mkewe Hibo alinong'ona.

“Hakuna.”

“Sasa huyo ameingia kazi na uso wa nani?”

Mchana akaja Fowsiya wa gorofa ya chini, amenuna. “Mumin, nimekuona Kariokor unatembea poa, ukanipita kama hunijui. Mguu ulipona lini?” Kisha akaiona plasta, akaaga bila kumaliza chai.

Nyumba ikaanza kunuka jivu, ile harufu ya Sydney, ingawa Hibo hupikia gesi. Mumin aliogopa, tena sana. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki alikiingiza mwenyewe.

Jioni akaamua kuifunga akaunti. Simu ikadai uso. Akautoa. *Uso huu si wa mwenye akaunti.* Akafuta jasho, akavua kofia, akasogea dirishani penye mwanga, akajaribu tena na tena, huku akimwomba Mungu kimoyomoyo na harufu ya jivu ikizidi, na kila mara jibu likawa lile lile. Hibo akaichukua simu. Akatazama picha ya akaunti, akamtazama mumewe, akairudia picha.

“Mbona unaniangalia hivyo, Hibo? Ni mimi, wallahi.”

Hibo alirudi nyuma taratibu mpaka mlangoni.

Kwenye ngazi zikasikika hatua za miguu miwili mizima. Hodi ikapigwa kwa ufunguo, jinsi Mumin alivyozoea kubisha akitoka kazini. Hibo akafungua. Mtu wa nje akavua helmeti, uso ukawa ule wa kwenye picha, na Hibo akamwangukia kifuani akilia.

“Mume wangu, afadhali umefika! Kuna mtu ndani, ana plasta mguuni. Anasema ni wewe.”