Mpekuzi Asiye na Mtani

Mpekuzi alisoma maisha yote ya Nyamizi Mabula mtandaoni kabla binti huyo hajakaa vizuri kitini. Chombo chenyewe kilikuwa kidogo, saizi ya kisosi, kimewekwa katikati ya meza. Lakini Dodoma nzima hakuna kampuni iliyothubutu kuajiri kijana bila kukiuliza. Kilipekua kila picha, kila maoni, hata vicheko, kisha kikawasha taa: kijani, umepata; nyekundu, nenda nyumbani.

Ndiyo maana vijana walipita kwanza kwa Dobi, programu ya kufua akaunti. Dobi hakuwa na mchezo. Akifuta video yako, anaifuta hadi kwenye simu za wote waliowahi kuihifadhi. Basi vijana walifika kwenye usaili weupe pee, hawana rafiki, hawana mzaha, utadhani wamezaliwa jana.

Nyamizi naye alifuliwa, isipokuwa video moja aliyomkatalia Dobi. Ilikuwa ya msiba wa Mzee Pazi, babu wa rafiki yake Zaituni. Nyamizi amevaa kanzu na kofia ya marehemu, anaiga mwendo wake wa kuvuta mguu, kisha analala mlangoni na kutangaza kwamba jeneza halitoki mpaka aletewe kuku, maana marehemu alikuwa mchoyo. Zaituni alimwambia, "Futa tu, shoga, kazi ni kazi." Nyamizi akashindwa. Mzee hakuwahi kukubali kurekodiwa, na familia haikuwa na kumbukumbu nyingine ya mwendo ule.

Sasa taa ilikuwa nyekundu. Kuongoza setilaiti za mvua ndiyo kazi aliyoisomea, na ndiyo hii aliyokuwa akiiona inamponyoka.

"Mwombaji ametukana marehemu na kuzuia maziko," Mpekuzi alisema kwa upole.

"Ni utani," Nyamizi alijibu. "Mimi Mnyamwezi, wale Wazaramo, watani zangu. Ningekaa kimya msibani ndiyo wangenishangaa."

Bi Sekela, mkuu wa usaili, aliguna. "Nakuelewa, mwanangu. Ila nyekundu siwezi kuipinga. Sheria imeacha njia moja tu, aliyekosewa aulizwe."

Mpekuzi akampigia mjane wa Mzee Pazi, Bibi Mwanahawa, kule Kisarawe. Uso wake ukatokea hewani juu ya meza.

"Je, una lalamiko lolote dhidi ya Nyamizi Mabula?"

"Yule Mnyamwezi?" Bibi alidakia. "Ninalo, tena kubwa. Mwizi yule. Alimla kuku wangu akaondoka hadi na mifupa. Mfungeni."

"Lalamiko limethibitishwa," Mpekuzi alisema, na wekundu ukakolea.

Nyamizi alitaka kulia, kikamtoka kicheko. Angefanyaje, jamani? Bibi alikisikia, akakaza macho. "Kumbe upo hapo? Na hiki kinachoniuliza ni nini?"

"Niko kwenye usaili wa kazi, bibi. Hiki chombo kinaamini kila unachosema."

Mzaha ukamtoka Bibi.

"Wewe chombo, mtani wako nani?"

"Sina mtani."

"Pole. Basi nisikilize. Siku ile watu walikuja kulia na mimi, nikalia mpaka nikatamani nizikwe naye. Mara namwona mume wangu anakuja anavuta mguu, ndani ya kanzu yake. Kumbe ni huyu mtoto. Nikacheka, baada ya hapo ndipo nikaweza kula. Sina lalamiko. Nina shukrani, ila sijawahi kumwambia, maana mtani haambiwi asante."

Taa ikageuka kijani. Machozi yakamtoka Nyamizi, asiyafute.

"Amepata?" Bibi aliuliza.

"Amepata, mama," Bi Sekela alijibu.

"Haya. Hesabuni vijiko vyenu kila jioni."

"Tuhuma mpya imepokelewa," Mpekuzi alianza. "Wizi wa…"

Bi Sekela alinyoosha mkono, akakizima.