Kifuniko cha Tangi la Mwau

Magunia manne ya mahindi yalikuwa yamesogezwa taratibu, kisha yakapangwa tena ukutani. Kilichoibwa ghalani mwa Nthenya ni vipande vitatu vya mbao zilizooza.

Inspekta Nduku, mpelelezi kutoka kituo cha Mutomo, aliinama akaitazama kufuli. Haikuwa na mkwaruzo.

"Ufunguo hukaa wapi?"

"Kwa hicho kikombe cha bati, chenye maua." Nthenya alikuwa kwenye kiti cha plastiki, magongo mawili yameegemea goti lake. "Anayejua ni mimi na watu wa hapa nyumbani tu."

Mbao hizo, alizozihifadhi kama ushahidi, zilikuwa kifuniko cha tangi la chini ya ardhi, uani kwa Mwau, mwenye duka la nafaka. Katikati ya Januari Nthenya alikwenda kuchota maji, akakanyaga kifuniko, kikavunjika, akatumbukia. Nyonga ikavunjika. Alikuwa mshonaji, tangu siku hiyo mguu haujakanyaga cherehani. Alimshtaki Mwau, akidai fidia. Kesi ingesikizwa Jumatatu.

"Daktari anataka kunipasua tena, la sivyo nitabaki hivi," alisema. "Bila hizo mbao, nani ataniamini?"

Uani kwake, kando ya tangi, Mwau alimpangusia Inspekta kiti kwa kitambaa.

"Afande, huyo mama aliteleza mwenyewe kwa matope. Tangi langu lina kifuniko cha zege. Soma hapo, fundi aliandika tarehe."

Ilikuwa imechorwa kwa msumari: tatu Oktoba, mwaka jana. Miezi mitatu na zaidi kabla ya ajali.

"Fundi ni nani?"

"Musembi, ndugu ya Nthenya. Toka nitoke. Sasa sema hata huyo nimemnunua!"

Nduku alipiga magoti juu ya zege. Alilelewa shambani Makueni, na alikijua alichokiona. Kwa ncha ya kisu alibandua ganda moja kavu la ndengu lililozama katika simiti, kisha jingine. Alipata kumi na moja, akayatia katika bahasha ya vielelezo. Karibu na ukingo, jani lilikuwa limeacha chapa yake, kila mshipa umeonekana.

"Watu hupuria ndengu hapa uani?"

"Wote. Vumbi lake huingia mpaka kwa chai."

"Oktoba pia?"

Oktoba watu wa Mutomo hutazama mawingu, mbegu zingali ndani ya debe. Ndengu hupurwa Januari na Februari.

"Hayo maganda ni ya zamani," alisema Mwau.

"Na jani? Lilikuwa bichi simiti ilipokuwa mbichi."

Nduku alimkuta Musembi akipiga plasta ukuta wa kanisa.

"Weka mwiko chini, fundi."

"Simiti yangu itakauka, afande."

"Ile ya Mwau imekauka na ndengu ndani. Ndengu ya Oktoba. Mnalima wapi hiyo?"

Musembi aliuweka mwiko chini, akajipangusa mikono kwa suruali, kidole kimoja kimoja.

"Hulazimiki kusema," Nduku alimwonya. "Lakini utakalosema litaandikwa."

"Andika. Nilimjengea Februari. Aliniambia nichore Oktoba, nikachora."

"Na mbao?"

"Nilizitoa ghalani nikamwashia dada yangu jiko. Isyo ya mahindi na maharagwe iliyoivia hapo, alikula mwenyewe. Akasema, 'Leo umenipikia vizuri.'"

Nduku alifungua ukurasa mpya.

"Mwau alikulipa nini?"

"Hata senti. Alisema kesi ikisikizwa, anafunga geti. Mto umekauka, afande. Tunachimba mchanga mpaka mtu anazama mabega, na bado ni kavu. Nyumba sitini zinakunywa kwa hilo tangi. Wazee wa kanisa walinijia: 'Ongea na dada yako.' Sikuweza kuongea naye. Kuiba kulikuwa rahisi."

Kabla ya kupelekwa rumande alipitishwa nyumbani kwao. Nthenya alijiinua kwa magongo yake.

"Musembi, si ungeniuliza?"

"Ungekubali kuacha kesi?"

"Ningekataa. Lakini ningekataa tukiangaliana."

Jioni hiyo Mwau naye alikamatwa kwa kughushi ushahidi. Alipoingizwa garini alimkabidhi mkewe ufunguo wa geti, akamwambia jambo sikioni.

Jumatatu asubuhi ungamo la Musembi, lililotiwa sahihi, lilikuwa kwenye faili la wakili wa Nthenya. Nthenya alipita mbele ya geti la Mwau akielekea kortini, gongo moja mbele, jingine likifuata. Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Kando yake wanawake wapatao kumi na watano walikuwa wamekalia mitungi mitupu.

Aliwasalimu kila mmoja kwa jina lake.

Walioitikia walikuwa watatu.