Chupa za Maji Safi

Duka la vyombo lilikuwa limefurika watu mchana huo, na binti mmoja mfanyakazi wa maabara, aliyevaa gauni la kijani, alisukumwa hadi akagota kwenye kaunta.

"Naomba bilauri ya kioo," alisema. "Plastiki sitaki."

Muuzaji, kijana mrefu aliyenyoosha shati lake jeupe kama bwana harusi, alimtazama. "Dada, plastiki imekukosea nini?"

Akamweleza kwamba kazini kwao wananywesha panya kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, waone inaziharibu vipi tezi za mate. Kundi moja linakunywa kemikali, jingine maji safi, wote kwa chupa za kioo. Kijana akacheka, akambatiza Mama Panya. Jina lilimwingia moyoni palepale, na kila Jumamosi akawa anarudi kununua bilauri.

Siku moja aliangusha trei kazini, chupa kumi na mbili za wale panya wa maji safi zikavunjika. Akampigia simu kijana. Jioni ileile mzigo ukafika, chupa zinang'aa, ua jekundu juu yake. Basi mapenzi yakakolea. Simu asubuhi, simu mchana, mpaka wenzake wakamwomba apunguze kutabasamu, anawatisha panya.

Miezi mitatu baadaye alikaa kwenye hadubini. Tezi za panya wa kemikali zilikuwa zimesinyaa, kama walivyohofia. Akaweka za panya wa maji safi, akakuta ni vilevile. Akarudia mara nne, mate yakimkauka mdomoni. Kisha akaenda walikofugwa panya, akachomoa chupa moja na kuiachia ianguke sakafuni.

Ilidunda.

Akapiga simu. "Mpenzi, zile chupa ni za kioo?"

"Za kioo zilikuwa zimeniishia. Hizo zinafanana nazo, hata mimi huzichanganya. Niliogopa utaenda duka jingine, nisikuone tena."

"Nimeziosha kwa maji ya moto kila siku. Hayo ndiyo yanayoitoa kemikali kwenye plastiki."

"Sikujua, Mama Panya."

"Kwamba hatutaki plastiki ulijua. Nilikwambia siku ya kwanza."

Kuficha kulikuwa rahisi. Angeandika tu kwamba panya wa maji safi ni wazima, akabaki na kazi yake. Roho ilimkatalia. Aliandika yote, akaweka sahihi chini, maana aliyezipokea chupa bila kuzikagua ni yeye. Panya sitini walikuwa wamekufa bure. Mkuu wake, mama mpole, alifuta machozi kabla ya kumwambia kwamba mkataba wake umeishia hapo.

Jumamosi kijana alikuja kwake na pete, amevaa suti, macho mekundu. Aliomba wafunge ndoa, akaapa kumtunza maisha yake yote. Alisema alidanganya kwa sababu ya kumpenda. Binti alijua ni kweli, na bado alimpenda, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Akamrudishia pete mkononi. Kisha akafungua kabati. Bilauri zilikuwa zimepangwa mpaka juu, ishirini na tatu, nyingine hazijabanduliwa hata karatasi ya duka.

"Naishi peke yangu," alisema. "Ulidhani nanunua za nini? Ungeniambia chupa huna, ningerudi kesho yake kukuuliza tena."