Daftari la Nyuki wa Bibi Teodomira

Mlio na watoto shuleni na msio nao, tulieni hapo mlipo, maana habari hii ni yetu sote.

Asubuhi katika darasa la sayansi la shule ya kijiji chetu ilikuwa na raha yake. Dirishani, juu ya meza, palilazwa mzinga wa gogo, tundu lake likitazama nje kwenye michungwa, na tunduni alikaa nyuki mlinzi, kichwa chake kimeziba mlango kama kizibo cha chupa. Mwenzake akirudi na chavua miguuni, mlinzi anasogea, anampisha, anaziba tena. Nyuki wetu wa huku Yukatani, Meksiko, hawaumi, kwa hiyo watoto walisimama pua mbele ya tundu wakiwatazama kimya. Na kidato cha tatu kukaa kimya, ninyi wenyewe mnajua, ni karibu na muujiza.

Mzinga ulikuwa wa Bibi Teodomira Tzab. Zamani alikuwa na mizinga kumi na mmoja. Kimbunga kiliondoka na mitano, dawa za kunyunyizia mashamba zikamaliza mingine, akabaki na huo. Mvua zikianza alikusudia kuugawa uwe miwili, halafu minne, hadi ua wake uvume tena kama wakati wa mama yake. Hakutaka kuutoa nyumbani hata kidogo. Aliyembembeleza ni mjukuu wake Landy, msichana wa miaka kumi na tano, mwandiko mzuri, mdomo haulali.

"Bibi, tutaandika kila kitu. Kila siku!"

"Kuandika sikujui mimi. Kuangalia je?"

"Na kuangalia! Sasa mtu anaandikaje kitu ambacho hajakiangalia?"

"Wasomi mna mambo," Bibi akacheka. "Haya, chukueni. Ila wakinifia, utaingia wewe humo ndani utengeneze asali."

Siku alipouleta alimwonyesha kazi. Miguu ya meza ikae ndani ya makopo ya maji, sisimizi wasipande. Kichupa cha siki kando ya mzinga kibadilishwe mara kwa mara, kinase inzi. Na nyuma, ambapo Mwalimu Nidelvia wa sayansi alikuwa ameweka kioo ili watoto waone ndani, kitambaa cheusi kifunuliwe kila siku mara moja, kisha kifunikwe.

"Ukimwona inzi mdogo mweusi anayekimbia juu ya kioo badala ya kuruka, niite," Bibi alisema. "Huyo akitaga mayai humo, mabuu yake humaliza mzinga. Niite hata kama niko bafuni."

Landy akawa msimamizi. Wiki ya kwanza na ya pili alifanya kazi kama mtu aliyeajiriwa. Alihesabu nyuki waliopita tunduni kwa dakika tano: arobaini na mmoja. Kesho yake arobaini na watatu. Kesho yake arobaini. Alijaza makopo, alifunua kitambaa, aliandika.

Halafu yakaja mazoezi ya ngoma ya sikukuu ya kijiji. Siku hiyo alikuwa amechelewa, viatu vyeupe mkononi, wenzake wanamwita getini. Akafungua daftari, akaandika "42, mzinga una afya," akakimbia. Kesho yake roho ikamsuta, akahesabu kwa makini. Wakapita arobaini na wawili hasa! Landy akacheka peke yake. Tangu siku hiyo akajiona anawajua nyuki kuliko wanavyojijua wenyewe.

Jamani, laiti wangepita thelathini siku ile.

Akawa anaandika akiwa kitini, mgongo umeelekea dirisha. Mara nyingine aliandika wiki nzima kwa mkupuo, akibadilisha kalamu ili ionekane ni siku tofauti. Kila Ijumaa Mwalimu Nidelvia alitia saini kwa wino mwekundu, kwa kuwa mwandiko ulivutia na alikuwa na madaftari tisini ya kusahihisha. Mkuu wa shule akagonga muhuri juu ya saini. Watu watatu wakawa wanathibitisha uzima wa nyuki ambao hakuna hata mmoja wao aliyewatazama.

Wilberth, mwanafunzi aliyekaa karibu na dirisha, ndiye aliyetumia pua.

"We mkurugenzi wa nyuki, mbona huku kunanuka uchachu?"

"Ni siki hiyo, mshamba wewe. Au ni kwapa lako?"

Darasa likaangua kicheko. Wilberth akainama, na hakuuliza tena.

Lakini Landy alijua. Kichupa cha siki kilikuwa kimekauka zaidi ya wiki mbili, na kitu kilichokauka hakinuki. Alikitazama kitambaa cheusi. Nitakifunua kesho, akajiambia. Kesho ilikuwa sikukuu. Baada ya sikukuu aliogopa kukifunua, na hofu hiyo aliiita shughuli nyingi.

Siku ya maonyesho ya sayansi wazazi walijaa. Bibi Teodomira alikaa mstari wa mbele na gauni lake jeupe lenye maua ya kudarizi. Mwalimu Nidelvia akaliinua daftari juu.

"Siku hamsini na nane! Hakuna hata moja iliyorukwa!"

Makofi yakapigwa. Bibi hakupiga. Macho yake yalikuwa dirishani.

"Mlinzi yuko wapi?" akauliza.

Tundu lilikuwa wazi. Bibi akainuka, akazunguka nyuma ya mzinga, akafunua kitambaa. Nyuma ya kioo mabuu meupe yalichemka juu ya vikombe vya nta ambamo nyuki huweka chavua, na inzi wadogo weusi wakakimbia huku na huko. Chini, nyuki waliokufa walikuwa wamerundikana kama makapi.

Bibi akageuka.

"Landy, nisomee hilo daftari. Mimi sijui kusoma. Anza Jumatatu."

"Bibi, naomba..."

"Jumatatu."

"Jumatatu... nyuki arobaini na wawili."

"Walipita wapi, mama?"

Landy akalitazama tundu lililo wazi.

"Jana je?"

"Arobaini na wanne," Landy alisema. "Mzinga una afya."

Bibi akaweka kidole ukurasani. "Na huu mchoro mwekundu ni wa nani?"

"Ni wangu," Mwalimu Nidelvia akajibu, bila kuinua uso. Mkuu wa shule aligundua ghafla kwamba simu yake inamhitaji sana.

Kwetu nyuki wa nyumbani akifa huviringishwa ndani ya jani, akazikwa. Ni kazi ya dakika moja, kwa sababu hufa mmoja mmoja. Jioni ile Landy alichimba nyuma ya jiko hadi viganja vikatoka malengelenge, na majani ya mgomba hayakutosha.

Jumatatu mkuu akamwita. Shule ilikuwa imetazamia kupeleka daftari kwenye mashindano ya mjini Merida, ambako zawadi ilikuwa hadubini sita.

"Andika mstari mmoja tu mwishoni," alisema. "Kwamba inzi waliingia ghafla. Nani atajua?"

Landy alichukua kalamu. Akafungua siku ya kumi na saba, ile ya viatu vyeupe, akakata na kuandika: "Sikuangalia." Ya kumi na nane akaiacha, maana siku hiyo alihesabu kweli; ya kumi na tisa akaikata, na kila iliyofuata. Alipofika mwisho, Mwalimu Nidelvia alilivuta daftari, akaandika chini ya saini zake zote: "Wala mimi." Hadubini hazikuja.

Mwezi uliofuata mfugaji nyuki wa kijiji jirani alikuja na mzinga, akampa Bibi bure. Bibi aliushika, akautegea sikio, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akamrudishia.

"Ahsante, mwanangu. Lakini mimi nina miaka themanini na mmoja. Nikiondoka, nitamwachia nani?"

Landy alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo. Alifungua mdomo, mdomo ule usiolala. Neno lenyewe ni fupi, "mimi," lakini hakuthubutu kulitamka. Mgeni akaufunga mzinga kwenye baiskeli, akaondoka nao.

Funzo

Wapendwa, kiumbe hai hakisomi daftari. Hakishibi tiki, wala hakinyweshwi na muhuri. Mwanafunzi, usiandike ulichokisia. Mwalimu, usitie saini kwa sababu mwandiko unapendeza; nenda ukafunue. Wakubwa mnaogonga mihuri, nanyi mmo. Na mtu akisema kunanuka, msimcheke: nendeni mkaangalie siku hiyo hiyo, kabla hofu haijaanza kuwatafutia shughuli nyingine. Kosa la Landy la siku ya kumi na saba lingetibiwa na kijiko kimoja cha siki. Lile la siku ya hamsini na nane halikuwa na dawa, na aliyelipata pigo ni mwanamke mzee aliyetuamini.