Hodi ya Tatu Majabalini

"Tende zimeiva. Zichumwe kabla ya alasiri. Ova."

Ghalia, mpelelezi wa serikali ya Oman, alizima redio, akakanyaga mafuta. Land Rover ikaruka korongo. Agizo alilielewa: masanduku manne ya mabomu ya ardhini yamefichwa katika mji wa kale uliohamwa, kusini ya mji wa Adam, na alasiri wageni kutoka ng'ambo ya mpaka watakuja kuyachukua wayatege barabara ya Nizwa. Barabara hiyo hupita mabasi ya skuli.

Ilikuwa mwaka 1976. Mji ule wa kale ulichongwa ndani ya mwamba, nyumba juu ya nyumba, milango mia na ushei, yote wazi, yote kiza. Ghalia alishuka na kamera ya Nikon shingoni kama mtalii. Bastola ya Walther ilikuwa mkobani.

Mlango upi?

Faili lilisema jambo moja tu juu ya mlinzi wa masanduku: mzaliwa wa Unguja. Ghalia naye wa huko huko, na mtu wa kwao alimjua. Mnyime chakula siku tatu, hodi ataiitikia tu.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Ikipita ya tatu, mwenye adabu zake huondoka.

"Hodi!"

"Karibu! Karibu ndani!"

Bastola ikatoka. Kisha sauti ile ikamfika moyoni. Kwenye mlango wa pili alitokeza mtu mwenye mvi za mapema, mikono mitupu, anacheka na machozi yanamtoka. Nasor. Kaka yake wa tumbo moja, aliyemlea tangu baba yao alipokufa. Nyumbani walijua yuko Kuwait.

Ulimi ulitangulia risasi. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Sauti nimeijua tangu hodi ya kwanza, nikaogopa. Ya tatu nikasema, wallahi nikinyamaza ataondoka." Akafuta macho. "Mama kakutuma unitafute?"

Hapo ndipo alipoiona bastola.

Ghalia hakuishusha. Miaka minane mama anamwekea mwanawe sahani ya mchana, na yeye kamnasa kwa hodi kama kuku anavyonaswa kwa mchele.

"Masanduku yako wapi?"

"Chumba cha nyuma. Nipishe nipite huku jabalini, Ghalia. Watanitia kitanzi."

"Na watoto wa skuli nani atawapisha?"

"Mie nalinda tu."

"Lete mikono, kaka."

Alimfunga pingu huku analia, wala hakujificha. Alimpenda kuliko roho yake. Kisha akajifuta uso kwa mtandio, akatoa redio mkobani.

"Masanduku manne yamepatikana, mtu mmoja mkononi. Leteni askari wawangoje hao wageni. Ova."

"Hongera. Jina kamili la mfungwa?"

"Nasor bin Mahrous bin Sleyum."



"Ghalia... huyo Mahrous si baba yako?"

"Ndiye. Ova."

Askari walipofika, alivaa miwani ya jua, akatembea taratibu mpaka kwenye gari. Akamfungulia Nasor mlango wa mbele. Mkubwa hakai nyuma.