Jembe la Uchumba na Mfereji wa Hewa Bora

Chancelvie hakwenda ofisi za jiji kumtafuta mchumba wake. Alikwenda kusoma karatasi zilizobandikwa ukutani, maana mwaka ulifika nusu, mapato yakapungua, na wakubwa walikuwa wameifungua tena bajeti ili wakate huku na kuongeza kule. Akasoma mara mbili. Mfereji wa Hewa Bora, mtaa wa kwao, uliokuwemo tangu Januari, haukuwemo tena. Mahali pake waliandika jenereta ya ofisi. Alipogeuka akagongana na mchumba huyo, Numbi, shati jeupe limenyooshwa, kadi ya kazi shingoni, anatabasamu.

— Chérie, umekuja bila kunipigia?

— Nani alikata kanivo, mufereji ya kwetu?

Tabasamu likamwisha. Numbi ndiye aliyeandaa marekebisho yale, na kusema uongo hakujua, jambo lililomuudhi Chancelvie zaidi.

— Njo mimi. Bantu bote ba hapa banajua niko mukwe wa mama Jeanne. Bangesema niko najengea bakwe yangu na feza ya ville.

— Basi maji iingie kwa mama, jina yako ibakie safi.

— Haiko vile, bébé.

— Usiniite bébé. Mwaka jana ni weye ulibeba matelas ya mama juu ya kichwa, maji mu magoti.

Watu wa foleni wakanyamaza ili wasikie vizuri. Siku ya godoro lile ndiyo siku Chancelvie alipompenda, na leo akikumbuka godoro lile alimchukia. Akaondoka.

Siku tatu hakushika simu. Ya nne akapiga mwenyewe.

— Baraza inaketi siku gani?

— Kesho, saa tatu. Unakuja kunisamehe?

— Hapana.

Akaja kweli, amevaa gauni jeusi la msiba. Mbele ya madiwani waliokuwa wakiingia, akaweka miguuni pa Numbi kitambaa cha kikwembe na jembe, vile vitu ambavyo familia ya Numbi ilivileta kwao siku ya kujitambulisha.

— Tangu leo hauko mukwe wa muntu Hewa Bora. Bantu bote beko bashahidi. Sasa rudisha kanivo, tuone utapata sababu gani ingine.

Numbi akainama. Akaokota vyote, akaingia barazani na jembe kwapani kwa kukosa pa kuliweka. Diwani mmoja akamuuliza kwa nini sasa anataka jenereta ifutwe na mfereji urudishwe.

— Ile kanivo nilikata juu ya woga, akasema.

Wakamcheka, wakamtukana kidogo, kisha wakapitisha.

Mfereji ukachimbwa Oktoba. Novemba mvua kubwa ya kwanza ikanyesha asubuhi nzima, na maji yakapita nje, yakaenda zake. Mama Jeanne alikuwa ameketi kitini, miguu mikavu, mlango ulipogongwa.

— Nani? Chancelvie akauliza, ingawa alishamwona dirishani.

— Muntu mwenye haiko mukwe wa muntu.

Alisimama na jembe mkononi, suruali imelowa hadi magotini.

— Unataka nini?

— Kuanza upya.

— Ningali na hasira.

— Najua.

Chancelvie akasimama mlangoni, hakumkaribisha. Kisha akamnyang'anya jembe, akaliegemeza nyuma ya mlango, pale pale lilipokuwa zamani.

— Na kikwembe iko wapi? akauliza. Usiniambie na yenyewe uliikata.