Sekunde Hamsini za Ngassa

Ngassa na mkewe Milembe wanaishi Bukundi. Wanalima pamba na mahindi, na wana ng'ombe wachache. Asubuhi moja Ngassa alikuwa anapalilia pamba. Mama yake, Nyanjige, alikuja mbio kumwita.

"Uchungu wa Milembe umeanza," alisema. "Na damu inatoka nyingi. Ita gari."

Huko kliniki, muuguzi Mektilda alikuwa amemwekea Ngassa programu kwenye simu. Ukibonyeza kitufe cha Omba Gari, ombi linakwenda kituo cha afya na kuonyesha nyumba yako ilipo.

Ngassa alikimbia hadi nyumbani, akabonyeza. Kioo kikawa cheupe. Hakuna neno, hakuna picha. Akabonyeza tena. Cheupe vilevile. Ndani, Milembe alikuwa analia.

"Wanasemaje?" Nyanjige aliuliza.

"Hawasemi kitu, mayu," Ngassa alimjibu mama yake. " Simu imegoma."

"Basi funga ng'ombe. Tutakaa hapa mpaka lini?"

Ngassa aliitupa simu kitandani. Akafunga ng'ombe wawili kwenye mkokoteni. Walimlaza Milembe juu ya godoro, wakashika njia ya mkato ya kwenda kituo cha afya, katikati ya mashamba. Gari haliwezi kupita njia ile.

Mtoto alizaliwa njiani, wa kiume. Alilia vizuri, lakini damu ya mama yake haikukata. Mikono ya Milembe ikawa ya baridi. Nyanjige alimwita kwa jina, naye akaitika kwa shida. Ngassa alisimama pale ameshika kamba ya ng'ombe, hajui afanye nini.

Ndipo wakaona watu wawili wanakuja mbio kwa miguu, wamebeba machela. Mmoja alikuwa dereva. Wa pili alikuwa Mektilda. Alimchoma Milembe sindano ya kuzuia damu palepale, wakambeba hadi kwenye gari barabarani. Hospitalini aliongezewa damu chupa mbili.

Siku ya tatu, Milembe aliweza kukaa na kunywa uji. Mektilda alikuja kumwona, kisha akamwita Ngassa nje ya wodi.

"Kaka, kwa nini mliondoka nyumbani?"

"Simu haikufanya kazi, sista."

"Ilifanya. Ombi lako lilifika, tukaondoka mara moja. Dereva alikupigia mara saba tukiwa njiani. Tulipofika tulikuta mlango wazi na simu iko kitandani. Tukafuata alama za mkokoteni."

Ngassa alikaa chini.

"Lakini nilisubiri," alisema. "Nilisubiri robo saa nzima."

Mektilda alimwonyesha kumbukumbu za kituo kwenye simu yake. "Tazama. Ulibonyeza saa nne na dakika kumi kamili. Ombi lilifika baada ya sekunde hamsini. Dereva alianza kukupigia saa nne na dakika ishirini, mkawa mmeshaondoka."

"Haiwezekani."

"Tujaribu. Shika simu yangu, nimeweka kioo cheupe. Usiangalie saa. Niambie dakika moja ikiisha."

Ngassa alikikazia macho kile kioo. "Imeisha," alisema. "Imepita kabisa."

"Ni sekunde ishirini na tano. Na leo hakuna mtu anayelia ndani."

Ngassa aliitazama saa ya Mektilda, akaitazama tena. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kimemdanganya.

"Si wewe tu," Mektilda alisema. "Mtu akisubiri bila kuambiwa lolote, muda unakuwa mrefu. Akiwa na hofu, unazidi. Ndiyo maana anabonyeza tena na tena, au anaacha. Waliotengeneza programu walipaswa kukuonyesha kwamba umesikika. Nitawaandikia."

"Waandikie kwamba mke wangu alikaribia kufa kwa sababu ya kioo cheupe."

Mektilda aliandika hivyohivyo.

Baada ya miezi miwili programu ilibadilishwa. Mektilda alikwenda Bukundi kuwafundisha watu, akamwita Ngassa aijaribu kwanza. Ngassa alipobonyeza, kitufe kikageuka kijani papo hapo. Maneno yakatokea: Ombi linatumwa. Usizime simu. Mstari ukawa unajaa polepole. Kisha: Ombi limefika. Kaa karibu na simu, dereva atakupigia.

"Sasa ina kasi," Ngassa alisema.

"Hapana. Mtandao wa huku ni uleule. Ni sekunde hamsini zilezile."

Ngassa alishtuka kwa mara ya pili. Akaomba kurudia, safari hii akiwa ameshika saa. Zilikuwa hamsini.

Wakati wa kuvuna pamba, jirani yao Flora alishikwa na uchungu kabla ya siku zake kutimia. Mumewe, Thomasi, alibonyeza kitufe. Alitaka kukimbia kutafuta pikipiki. Ngassa alimshika bega.

"Soma," alimwambia. "Wamekusikia. Tulia hapa."

Thomasi alisoma kwa sauti, neno moja moja, mpaka mstari ukajaa. Simu ikaita. Dereva aliuliza kama wako nyumbani.

"Tupo," Thomasi alijibu. "Wote tupo."

Saa tisa alasiri Flora alijifungua mtoto wa kike, kitandani kwenye kituo cha afya, mikononi mwa Mektilda.